Pigo la Tatu: Uhakiki wa Mchezo wa Street Fighter III: 3rd Strike

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1999 na kampuni ya Capcom, iliyo katika mji wa Osaka, Ujapani. Ni wa mwisho katika michezo mitatu yenye jina la Street Fighter III. Miwili iliyoutangulia ilitoka mwaka 1997. Ukoo wenyewe ni mrefu kupita hapo, kwani mchezo wa asili ulitoka mwaka 1987, na uzazi wake haujakoma, maana wa sita ulitoka mwaka 2023. Kusudi la maandishi haya ni kupima kama kazi iliyofuata nyuma ya kazi mashuhuri ilistahili kuitwa mrithi wake, na kama ilistahili, ni kwa sababu gani.

Yamkini msomaji atauliza mchezo wa mashine una haja gani na uhakiki. Jawabu ni kwamba kila mchezo wenye kanuni una fikra ndani yake. Bao halisifiwi kwa uzuri wa ubao wala kwa wingi wa kete, bali kwa yale ambayo kanuni zake humlazimisha mchezaji kuyatafakari. Mizani hiyo hiyo yafaa hapa.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo wa namna hii, inafaa kueleza kwa ufupi. Watu wawili husimama mbele ya mashine moja, kila mmoja akiwa na kijiti cha kuongozea na vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kwa kadiri ya pigo dogo, la kati na kubwa. Juu ya kioo kuna tepe mbili zionyeshazo uhai wa kila mpiganaji. Pigo likimpata mtu, utepe wake hupungua. Ukiisha, raundi imekwisha. Mwenye kutaka kujikinga huvuta kijiti nyuma, mbali na adui. Mapigo ya kawaida yakikingwa hayadhuru, lakini yale ya ufundi maalumu humega uhai kidogo hata yakikingwa. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwani litarudi mbele.

Sasa tutazame urithi. Street Fighter II, uliotoka mwaka 1991, ulikuwa na wapiganaji wanane wa kuchaguliwa na wakuu wanne wa kushindwa, nao ulijaza kumbi za michezo duniani. Wenye kazi hawakuthubutu kuuacha. Kati ya mwaka 1992 na 1994 waliutoa upya mara nne, kila mara wakirekebisha hiki na kuongeza kile. Mwaka 1995 wakaanza tawi jingine, liitwalo Alpha. Hivyo watu walingoja miaka sita kabla ya kuiona namba tatu. Ilipokuja mwaka 1997, walikuta nyumba imehamwa. Katika wapiganaji wa zamani walibaki Ryu na Ken tu. Waliosalia wote walikuwa wageni, na nafasi ya shujaa alipewa Alex, mpiga mieleka wa New York ambaye hapana aliyemjua.

Lawama zilikuwa nyingi, na hazikukosa msingi. Mchezaji aliyejifunza mikono ya mpiganaji mmoja kwa miaka sita si mtazamaji wa kawaida. Ujuzi ule umo katika vidole vyake, na kumwondolea mtu wake ni kumnyang'anya mali aliyoichuma. Toleo la pili lilimrudisha Akuma, na hili la tatu likamrudisha Chun-Li pamoja na kuwaleta Makoto, Remy, Q na Twelve, hata wa kuchaguliwa wakafika kumi na tisa. Hata hivyo sura ya mchezo ilibaki kuwa ya wageni. Mwenye kuupima kwa kuhesabu wangapi wamerudi ataukuta umepunguka. Lakini kipimo hicho ni cha mwenye duka anayehesabu bidhaa zake. Hakiwezi kutuonyesha mchezo unafikiri nini.

Fikra ya mchezo huu imo katika tendo moja, ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa kupangua. Lugha yetu inatofautisha vizuri kukinga na kupangua: mwenye kukinga huweka kizuizi na kungoja, na mwenye kupangua hulikabili pigo na kuliondoa njiani. Tofauti hiyo hiyo ndiyo kanuni ya mchezo. Pigo linapokuja, mchezaji badala ya kuvuta kijiti nyuma hukisukuma mbele, kuelekea kwa adui, au hukishusha chini ikiwa pigo linakuja chini. Akifanya hivyo kwa wakati ulio sawa, pigo humpita bila ya kumdhuru hata chembe, naye hupata nafasi ya kujibu. Wakati wenyewe ni karibu sehemu ya sita ya sekunde. Akichelewa, au akidhani juu kumbe chini, pigo humwingia lote, kwa kuwa alikwisha kuiacha kinga yake.

Uzito wa kanuni hii unatokana na ule mwelekeo wa mkono. Katika michezo iliyotangulia usalama ulikuwa nyuma siku zote. Hapa usalama ulio bora kuliko wote uko mbele, kule kule inakotoka hatari, na hauwezi kupatikana ila kwa mtu aliyekubali kwanza kuukosa. Basi mchezaji hawezi kuutazama mkono wake peke yake; hana budi kuisoma nia ya mwenzake. Atapiga sasa au atasita? Atapiga juu au chini? Na mwenzake, akijua kwamba anasomwa, hukawiza pigo makusudi, au huacha kupiga kabisa akaja kumshika na kumwangusha, maana mshiko haupanguliki. Mapambano yanakuwa majibizano, kila mmoja akiitegea kauli ya mwenziwe.

Ushahidi ulio mashuhuri ulitokea mwaka 2004 huko California, katika mashindano ya Evolution. Daigo Umehara wa Ujapani, akimtumia Ken, alipambana na Justin Wong wa Marekani, aliyemtumia Chun-Li. Uhai wa Ken ulibaki uzi mwembamba. Wong akafyatua ufundi mkuu wa Chun-Li, mateke kumi na matano yafuatanayo. Kukinga hakukufaa kitu, kwa sababu ile tuliyoitaja: kila teke lililokingwa lingemega uhai, na uhai wa kumegwa haukuwapo. Umehara aliyapangua yote kumi na matano, la mwisho akiwa hewani, kisha akajibu na kuimaliza raundi. Watu wengi waliotazama tukio hilo hawajapata kuushika mchezo huu, na wote wameelewa. Yapasa kuongeza kwamba Umehara hakuwa bingwa siku ile, kwani katika pambano la mwisho alishindwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Habari hii haipunguzi sifa ya tukio. Inatuonya tu tusidhani kwamba kupangua ni dawa ya kila ugonjwa.

Na hapo ndipo tufikapo kwenye hasara. Katika mchezo wa pili, mrushaji makombora kama Ryu alitawala masafa: alimzuia adui mbali kwa kombora, na adui akiruka, alimpokea kwa ngumi ya kupaa. Ulikuwa ufundi wa subira na wa kupima hatua. Kupangua kumeudhoofisha sana. Kombora hupanguliwa kwa msukumo mmoja wa kijiti, na hata mwenye kuruka aweza kupangua akiwa hewani, hata anayemngoja chini hana hakika ya kumpata. Kwa hiyo mchezo umelipa mapambano ya karibu kwa kuyatoza mapambano ya mbali. Mwenye kusema kwamba haukupoteza kitu hasemi kweli. Tunaloweza kusema ni kwamba watungaji walijua wanachokichagua.

Kasoro nyingine hazina udhuru huo. Uzani wa wapiganaji si sawa: Chun-Li, Yun na Ken wamewapita wengine, nao Sean na Twelve wameachwa mbali nyuma. Kisa cha Sean ni cha kusikitisha, maana katika toleo la pili alikuwa na nguvu, kisha akapunguzwa kupita kiasi. Kanuni nzuri haiwi haki kamili ikiwa aliyechagua kwa mapenzi anaadhibiwa kwa mapenzi yake. Vilevile Gill, adui wa mwisho wa mashine, akishindwa huku akiba yake ya nguvu imejaa, hufufuka na kupata uhai tena. Mchezo uliokuwa ukifundisha kwamba kila pigo lina jibu unamaliza kwa kumweka mtu ambaye kushindwa kwake hakuhesabiki. Tena hautoi mafunzo ya kumtosha mgeni. Nani angekisia, kwa akili yake mwenyewe, kuiendea ngumi ijayo?

Msomaji wa Afrika Mashariki atataka kujua habari za Elena, kwa kuwa wenye mchezo wanasema ni binti wa Kenya, mtoto wa kiongozi wa kabila. Hapa sifa na lawama zinakwenda pamoja. Kwa mchoro, Elena ni miongoni mwa kazi bora za michezo hii. Picha zake zimechorwa kwa mkono, moja baada ya moja, naye hata akisimama hasimami, mwili wote unakwenda kwa mdundo. Hapigi ila kwa miguu. Mmoja katika fundi zake kuu tatu ni kujiponya, ambao huongeza uhai wake mwenyewe bila ya kumgusa adui. Tabia yake pia inapendeza, maana amekuja kutafuta marafiki. Lakini Kenya yake haina mahali. Ufundi anaoutumia ni kapoeira, uliokulia Brazil mikononi mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na asili yake aghalabu hutafutwa pande za Angola. Jina lake halitoki katika lugha yo yote ya Kenya, na mavazi yake ni vipande vichache vya nguo. Dudley, bondia wa Uingereza, amechorwa kwa dhihaka pia, pamoja na waridi lake na adabu zake nyingi. Lakini mchoraji wa Dudley alijua nchi anayoidhihaki. Mchoraji wa Elena alilijua bara tu, kisha akachagua jina la nchi moja kuliwakilisha. Alirudishwa katika mchezo wa nne mwaka 2014 na katika wa sita mwaka 2025, basi lawama hii si ya kale.

Mchezo huu ulikuwa miongoni mwa iliyotengenezwa kwa mtambo wa CPS-3, ambao ulibeba michezo sita tu. Baada yake ukoo ulinyamaza, na ulipoamka mwaka 2008 kwa namba nne, uliwarudisha wale kumi na wawili wote wa mwaka 1991, na kupangua kukaondolewa. Wakati ule ingeonekana kwamba hukumu imekwisha kupita, na kwamba mrithi mwenye ujasiri alikuwa mkosaji. Hata hivyo mchezo wa mwaka 1999 ulitolewa tena mwaka 2011, na tena mwaka 2018, na mchezo wa sita umeirejesha fikra ya kupangua kwa sura nyingine na kuifanya nguzo ya mapambano yake.

Kwa maoni yetu, basi, 3rd Strike ni mrithi halali, juu ya kasoro zake. Mchezo wa pili uliwafundisha watu kumwogopa mwenye mkono mrefu. Wa tatu uliwafundisha kwamba mkono ule waweza kuendewa. Matoleo ya kati yaliongeza watu na mapambo, na wachezaji wakayapokea kwa furaha, nayo yaliacha swali la mchezo kama lilivyokuwa. Hili lilibadili swali lenyewe. Gharama yake ilikuwa kubwa, na baadhi yake ililipwa bila ya haja, kama aonavyo yeyote anayeshikilia kumchagua Sean.