Mitambo ya Kazini na Raha ya Nyumbani

Msomaji, wauzaji wa mitambo ya picha na sauti wana sifa moja waipendayo kuliko zote. Husema kwamba chombo chao kikiwekwa katika chumba cha mkutano au cha masomo, mtu atakitumia kwa raha ileile aliyoizoea nyumbani kwake. Maneno haya ni matamu masikioni. Lakini kazi ya mhakiki ni kuyapima maneno kabla ya kuyameza, nami nataka tuyapime pamoja.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika chuo cha ualimu nilichofanyia kazi, mwalimu mmoja aliyekaribia kustaafu aliingia darasani kuwaonyesha wanafunzi wapatao 40 picha za majani ya mimea. Projekta ilikuwa mpya, imefungwa darini. Mezani palikuwa na rimoti tatu: moja ya projekta, moja ya vipaza sauti, na ya tatu hapana aliyejua ni ya nini. Mama yule alibonyeza ya kwanza, taa ikawaka, lakini ukutani palitokea rangi ya buluu tupu. Alibonyeza mara ya pili, projekta ikazimika, ikakataa kuwaka mpaka ipoe. Wanafunzi wakaanza kuchekea viganjani. Dakika 20 zikapita. Mwisho alitwaa chaki, akachora jani ubaoni, akalifundisha kwa ufasaha kama alivyofundisha tangu ujana wake. Tangu siku hiyo hakuigusa projekta tena. Wenzetu walisema kuwa amepitwa na wakati. Mimi nilitoka pale nikiamini kwamba aliyeshindwa ni fundi aliyekibuni chombo.

Sasa tuulize: raha ya nyumbani ni kitu gani hasa? Wengi hudhani kuwa ni viti laini na kioo kipana. Basi hununua makochi, wakatandika zulia, wakatundika runinga kubwa ukutani, wakaona kazi imekwisha. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, nasi yatupasa tuingie ndani tutazame. Nyumbani kwa mama yangu palikuwa na redio kuukuu. Kifundo chake cha sauti kilikuwa kimekatika, tukawa tukikizungusha kwa koleo. Redio ikikoroma, tuliipiga kofi ubavuni ikanyamaza. Mgeni asingeweza kuiwasha hata angekuwa na elimu ya namna gani. Sisi tulistarehe nayo kwa sababu tuliijua kwa miaka mingi, na tulipokosea hapakuwa na mtu wa kutucheka. Kwa hiyo raha ya nyumbani imesimama juu ya nguzo mbili: mazoea na sitara.

Chumba cha kazi hakina hata nguzo moja kati ya hizo. Hutumiwa na watu wengi, kila mmoja kwa saa chache, na anayekosea hukosea mbele ya mkubwa wake au mbele ya wanafunzi wake. Hapo ndipo ahadi ya wauzaji inapopungua uzito. Haitoshi kukichukua chombo cha sebuleni na kukihamishia ofisini. Kile ambacho nyumba humpa mtu kwa kupita kwa miaka, mbunifu hana budi kumpa kwa ustadi wake tangu dakika ya kwanza. Chombo cha kazini chapaswa kuwa chepesi kuliko cha nyumbani.

Jambo hili lawezekana, na historia yatupa ushahidi. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya televisheni iliyounganishwa kwa waya, na watu wakawa wakijikwaa katika waya huo sebuleni. Mwaka 1955 Eugene Polley alileta nyingine iliyotumia mwali wa taa, lakini mwanga wa jua uliweza kuivuruga televisheni. Mwaka 1956 ikaja ile ya Robert Adler. Ndani yake vilikuwamo vinyundo vilivyogonga vijiti vya alumini na kutoa sauti ambayo sikio la mwanadamu halisikii. Haikuwa na betri, kwani wauzaji waliogopa kuwa betri ikiisha mnunuzi angedhani televisheni yenyewe imeharibika. Tazama, msomaji, jinsi fikira hiyo ilivyo na huruma. Waliifikiria hofu ya mtu hata kabla haijampata.

Kinyume chake kimesimuliwa na mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1988 juu ya ubunifu wa vitu vya kila siku. Alieleza habari za projekta ya slaidi yenye kitufe kimoja chenye kazi mbili: ukikibonyeza kidogo, picha husonga mbele, ukikibonyeza kwa muda, picha hurudi nyuma. Mhadhiri asiyejua siri hiyo, akiona picha imekosea, hubonyeza kwa nguvu na kwa muda zaidi, na kadiri anavyohangaika ndivyo picha zinavyozidi kurudi. Kwa macho, chombo kile kilikuwa safi na rahisi. Lakini uchache wa vitufe na wepesi wa kutumia ni vitu viwili mbalimbali.

Yamkini utanijibu kwamba mtu akifanya kazi nyumbani kwake matatizo yote haya yatakwisha. Jaribio hilo limekwisha kufanywa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, wengi walifanya mikutano kwa video wakiwa mezani pao wenyewe, na bado walilalamika kuwa wamechoka. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja sababu nne za uchovu huo: kukaziwa macho na nyuso nyingi kwa karibu, kujiona mwenyewe kiooni wakati wote, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na kujikaza akili ili kuzielewa ishara za wenzako. Mwili ulikuwa nyumbani, lakini sitara ilikuwa imeondoka. Kuta peke yake hazimpi mtu raha.

Wabunifu nao wana haki ya kusikizwa. Watasema kuwa chumba cha mkutano kina kamera, vinasa sauti, vipaza sauti na tarakilishi za kila aina, na kwamba mambo mengi hivyo hayawezi kutiwa katika kitufe kimoja. Nakubali. Lakini mpishi mwenye viungo kumi jikoni hamletei mgeni viungo hivyo mezani, humletea chakula. Mambo yanayohitajiwa kila siku, kama vile kuwasha, kusikika na kuonekana, yawekwe mbele kwa maandishi yanayosomeka. Mengine yafichwe kwa fundi. Anayekosea aweze kurudi alikotoka bila adhabu. Umeme ukipotea, kama upoteavyo mara nyingi kwetu, chombo kiwake tena bila kuhitaji kuitiwa mtu.

Msomaji kijana, baadhi yenu mtakuwa wabunifu, na wengi zaidi mtakaa katika kamati za kununulia shule na ofisi mitambo. Muuzaji atakapowaonyesha kioo king'aacho, msimwache akiwashe mwenyewe, kwa maana yeye amekizoea. Mwiteni mtu ambaye hajapata kukigusa, kisha nyamazeni mtazame mikono yake. Akitulia, nunueni. Akianza kutazama huku na huku kutafuta msaada, chombo hicho kirudishwe kwa mwenyewe, hata kiwe kizuri namna gani. Mama yule wa chuoni kwetu alikuwa na picha nzuri za majani alizozikusanya kwa miaka mingi, na wanafunzi wake hawakuziona.