Kama na Kuliko: Balagha ya Wanamichezo Mashuhuri katika Matangazo ya Vinywaji Vyenye Kalori Chache

1.0 Utangulizi

Tangazo la biashara ni matini fupi yenye balagha nzito, na kwa hiyo lastahili kuhakikiwa kwa zana zilezile zinazotumika kuhakikia hotuba au shairi. Makala haya yanachunguza matangazo ya Gatorade nchini Marekani, hususan ya G2, kinywaji chenye kalori chache kilichoingia sokoni mwaka 2008. Hoja inayojengwa ni kwamba umbo la mwanamichezo na sifa ya kalori chache hupingana, na kwamba ukinzani huo hufunikwa kwa mbinu mbili za lugha: tashbihi inayotajwa na ulinganishi usiokamilishwa.

2.0 Kama: Tashbihi Inayotajwa

Gatorade ilibuniwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida na Robert Cade na wenzake, kwa ajili ya wachezaji waliopoteza maji na chumvi kwa jasho. Sukari iliyomo ilikuwa na kazi yake: kuipa misuli nishati. Mwaka 1991 kampuni ilimtumia Michael Jordan katika tangazo la “Be Like Mike”, ambalo jina lake lenyewe ni amri ya kufanana. Katika tashbihi hiyo, kifananishi kipo, kifananishwa kipo, lakini sifa inayowaunganisha haitajwi. Je, mtazamaji afanane na Jordan kwa kipaji, kwa mazoezi au kwa kinywaji? Kati ya hivyo vitatu, ni kimoja tu kinachouzwa dukani. Pengo la kisemantiki linajazwa na bidhaa.

3.0 Kuliko: Ulinganishi Usiokamilishwa

Kwa G2 tatizo lilibadilika. Kinywaji hicho kilipozinduliwa kilikuwa na takriban nusu ya kalori za Gatorade ya kawaida, kikanadiwa kuwa ni cha mwanamichezo anapokuwa nje ya uwanja. Aliyetumiwa kukitangaza ni Derek Jeter, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees. Hapa ndipo ukinzani unapojitokeza. Mwili wa Jeter ni ishara ya nishati inayotumika. Sifa ya bidhaa ni nishati iliyopunguzwa. Kwa mujibu wa Paul Grice, msikilizaji huchukulia kwamba kila kinachosemwa kinahusiana na mada. Akionyeshwa bingwa na chupa pamoja, ataunda mwenyewe uhusiano ambao tangazo halikuutamka, na asiyetamka hawezi kushtakiwa kwa uongo.

Sarufi ya Kiswahili huufichua ujanja huu. “Chache” ni kivumishi kinachoalika swali: chache kuliko nini? Jibu la muuzaji ni: kuliko Gatorade ya kawaida. Kwa anayeinywa hiyo kila siku, punguzo hilo lina manufaa. Hata hivyo, mtu asiyetoka jasho la uwanjani ana mlinganishwa mwingine asiyetajwa, nao ni maji, yasiyo na kalori hata moja.

Kwamba maji ndiye mshindani halisi kulidhihirika katika Bolt!, mchezo wa simu wa Gatorade uliomtumia mwanariadha Usain Bolt. Humo, Gatorade ilimwongezea mkimbiaji kasi, maji yakampunguzia. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa dola 300,000 katika makubaliano na Mwanasheria Mkuu wa California. Kilichodokezwa kwa ukimya katika matangazo ya kalori chache, mchezo huo ulikionyesha waziwazi.

4.0 Hitimisho

Suala hili si la mtindo tu. Utafiti ulioongozwa na Marie Bragg, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics, ulichunguza wanamichezo 100 na kubaini kwamba asilimia 93.4 ya vinywaji 46 walivyovitangaza vilipata kalori zake zote kutokana na sukari iliyoongezwa. Walioyaona zaidi matangazo hayo ya televisheni ni vijana wa miaka 12 hadi 17. Katika mazingira hayo, “kalori chache” huonekana kuwa wema kwa sababu tu jirani zake ni wabaya zaidi.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matangazo haya yanaidai methali hiyo nyongeza: kisichoweza kujiuza hukodi miguu ya bingwa ili kitembezwe. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tashbihi na ulinganishi anayo hapa matini ya darasani, na swali moja la kumwachia mwanafunzi mbele ya kila chupa: kuliko nini?