Chuo Kikuu na Mataifa: Tunayojifunza Kurasini na Chang'ombe

Mtu akiondoka Chang'ombe, akapita Keko na kuivuka Barabara ya Kilwa, haendi mbali kabla ya kuingia Kurasini. Wengi wetu tunaijua Kurasini kwa bandari, kwa matangi ya mafuta na kwa malori yanayongoja zamu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu hiyo ya Temeke ilikuwa makao ya elimu ya mataifa mbalimbali tangu siku ambazo Chuo Kikuu chetu kilikuwa bado kichanga.

Tunaanza na Kurasini kwa makusudi. Siku hizi neno "kimataifa" limepewa heshima kubwa katika mijadala ya elimu ya juu. Chuo huhesabiwa kuwa cha kimataifa kikifundisha kwa Kiingereza, kikitia saini mikataba na vyuo vya ng'ambo, kikipokea wageni kadha wa kadha, na kikipanda daraja katika orodha zinazotungwa London au Shanghai. Hatuyabezi mambo hayo. Lakini yote yanajibu swali la nani anatutazama, na kuliacha kando swali lililo zito zaidi: mgeni anakuja kwetu kutafuta nini asichokipata kwao?

Historia yetu wenyewe inatupa jibu, tena kwa njia ya kinyume. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na Kitivo cha Sheria peke yake, na wanafunzi wake hawakufika ishirini. Walisomea shahada ya Chuo Kikuu cha London. Kwa kipimo cha leo, ni chuo gani kingekuwa cha kimataifa kuliko hicho? Kiwango cha shahada kiliamuliwa Uingereza, na cheti kilitambulika kila palipokuwa na bendera ya Mwingereza. Hata hivyo hapakuwa na sababu ya Mwingereza kufunga safari hadi Lumumba kuitafuta shahada hiyo, maana aliyoiacha kwao ndiyo hiyo hiyo.

Mambo yalibadilika mwaka 1963, kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi tatu ziligawana kazi: udaktari ulisomewa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka kusomea sheria katika chuo hicho hakuwa na budi kuja kwetu, kama vile kijana wetu aliyetaka uhandisi alivyopaswa kwenda Nairobi. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni mmoja wa waliosomea sheria Dar es Salaam. Hapakuhitajika tangazo wala maonyesho ya kuvutia wageni. Kila chuo kilikuwa na kitu ambacho jirani hakuwa nacho, na kila mmoja alijua anachopungukiwa. Mpango huo ulivunjika mwaka 1970, na hata kabla ya hapo kila nchi ilikwisha kuanza kujijengea vitivo vyake. Hatuwezi kulaumu; taifa changa lilihitaji madaktari wake na wahandisi wake. Lakini tangu hapo vyuo vyetu vimezidi kufanana. Wakuu wa nchi za Jumuiya walipokutana Dar es Salaam, Mei 2017, walitangaza kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya chuo kimoja yatambuliwe na kingine. Ni hatua njema. Hata hivyo, njia iliyofunguliwa haimpi mtu sababu ya kusafiri ikiwa huko aendako atakuta kile kile alichokiacha.

Husemwa pia, na husemwa kwa majivuno, kwamba Mlimani ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa kitovu cha fikra za dunia. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Machi 1967, uliitishwa mkutano wa kujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Na suala hilo, la elimu inamtumikia nani, ndilo lililowavuta watu. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na wachapishaji wenzao wa London. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapo. Wageni hao hawakuvutwa na majengo. Walikuja kwa sababu palikuwa na hoja ambayo vyuo vya kwao viliikwepa.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kuishia kwenye sifa. Mabishano yale makali yaliendeshwa na kuandikwa karibu yote kwa Kiingereza. Kuli wa bandarini Kurasini, ambaye jasho lake ndilo lililokuwa likizungumzwa, hakuyasoma. Msomi wa Ulaya aliweza kuyafuata kwa urahisi zaidi kuliko mzazi wa mwanafunzi aliyekaa Temeke. Hiyo ndiyo kasoro tuliyorithi, na tumeihifadhi vizuri kuliko tulivyoihifadhi hoja yenyewe.

Turudi sasa Kurasini. Mwaka 1963 Eduardo Mondlane aliacha kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, akaja Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO. Mkewe, Janet, alisimamia Taasisi ya Msumbiji iliyojengwa Kurasini ili kuwasomesha vijana waliokimbia utawala wa Mreno. Katika Kurasini hiyo hiyo palikuwa na kituo kingine cha elimu ya kimataifa kwa wakimbizi kutoka kusini mwa Afrika. Walimu wa taasisi walitoka nchi mbalimbali na fedha zilitoka ng'ambo. Wanafunzi nao walikuwa wa makabila yaliyokuwa hayajawahi kukaa darasa moja. Mwaka 1968 ukazuka ugomvi mkubwa, taasisi ikafungwa, na baadaye shule ikaanzishwa upya Bagamoyo. Mambo yaliyogombewa yalikuwa mengi, lakini mojawapo linatuhusu moja kwa moja: je, kijana akihitimu aende Ulaya au Marekani kutafuta shahada, au arudi kwenye mapambano ya watu wake? Wanafunzi wengi walitaka shahada. Viongozi walitaka warudi.

Ni rahisi leo kuwaona wanafunzi wale kuwa wabinafsi. Sisi hatuko tayari kusema hivyo kwa haraka. Kijana aliyenyimwa shule na mkoloni alikuwa na haki ya kuitamani elimu mpaka mwisho wake. Ila swali lao halijazeeka. Kila programu inayoandaliwa ili cheti chake kipokelewe ng'ambo humfundisha mwanafunzi, pasipo kutamka, kwamba mahali pa kupimia elimu yake hapako hapa. Kisha tunashangaa akiondoka.

Ujirani huo na Msumbiji ulizaa tunda jingine mwaka 1978, serikali mbili zilipoanzisha kwa pamoja Chuo cha Diplomasia, pale pale Kurasini. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Hapa umataifa ulitokana na haja ya nchi mbili zilizohitaji kuwaandaa watu wa kusema kwa niaba yao. Haukuja kama pambo lililobandikwa juu ya masomo.

Na Chang'ombe? Chuo cha ualimu cha hapo kiligeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi tuulize: mwalimu anayeandaliwa Temeke ana nini ambacho dunia inakihitaji? Jibu liko midomoni mwetu. SADC ilikipokea Kiswahili mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mlimani kwenyewe, Kiswahili kimekuwa na idara yake tangu 1970, na hufundishwa kwa Kiswahili; wageni kutoka mabara yote wamekuja kukisoma hapo bila ya kushurutishwa na orodha yoyote.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida tunamwandaa mwalimu wa Kiswahili kana kwamba kila mwanafunzi wake atakuwa amekinyonya ziwani mwa mama. Anajua ngeli, anajua historia ya ushairi, anaweza kuhakiki tamthilia. Mpeleke akamfundishe mtu asiyejua hata salamu, na ambaye lugha yake haina ngeli, utamwona anavyohangaika. Kumfundisha mgeni ni taaluma, na taaluma hiyo inamtaka mwalimu ajue lugha ya huyo mgeni. Zanzibar waliliona hili mapema: jina lenyewe la TAKILUKI, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, lilikiunganisha Kiswahili na lugha za kigeni katika nyumba moja.

Wapo watakaosema kwamba tunakipiga vita Kiingereza. Sivyo. Mwanafunzi wa fizikia au wa udaktari asiyesoma Kiingereza amefungiwa mlango wa majarida mengi ya fani yake, na kumdanganya kwamba sivyo ni kumdhulumu. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa. Tunachokataa ni kulihesabu darasa kuwa la kimataifa kwa sababu tu mwalimu Mtanzania anawasomea Watanzania wenzake maelezo kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaikimbia mara kengele ikilia.

Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia viongozi wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na wakalimani hawakuwa tayari. Lugha hiyo hakuisomea shahada. Aliishi nayo nchini mwetu miaka ya mapambano. Wajukuu wa wapiganaji wale leo wanazungumza Kireno. Mwalimu wa Chang'ombe akipangiwa kesho kwenda Maputo kuwafundisha Kiswahili, itambidi kwanza atafute, kwa fedha yake mwenyewe na baada ya saa za masomo, mtu wa kumfundisha Kireno.