Haki Ndani ya Umoja: Maoni Juu ya Kilio cha Haki
Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), aghalabu husomwa kama mgogoro baina ya mlowezi Delamon na wafanyakazi wake. Usomaji huo si kosa, ila hautoshi. Lanina, kiongozi wa wafanyakazi, hupigana vita viwili: dhidi ya mwajiri, na dhidi ya dharau ya wanaume wasiokubali kuongozwa na mwanamke. Msomaji wa Plateau, karibu na Eldoret, palipotawaliwa na mashamba ya walowezi, ataitambua mandhari hiyo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma; hakiwezi kuwalazimisha wenzake kumheshimu. Hapo ndipo penye uzito wa mchezo huu: chama kinachobagua humpunguzia mwajiri kazi.