Siku ya Kuzaliwa ya Zimwi

Binadamu hukumbuka kwa tarehe. Harusi, mazishi na uhuru wa nchi vina siku zake, na siku hizo zifikapo watu hukusanyika wakatazama nyuma. Lakini Wajapani wamefanya jambo liwezalo kuchekesha: wamelipatia zimwi siku ya kuzaliwa. Zimwi hilo ni Godzilla, na siku yake ni tarehe 3 Novemba. Msomaji, usiharakishe kucheka. Jiulize kwanza: maadhimisho ya namna hii huihuisha hadithi, au huizika kwa heshima?

Tuanze na chanzo. Picha ya kwanza ya Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda, ilitolewa mwaka 1954. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu mabomu ya atomiki kuangushwa Hiroshima na Nagasaki. Tena, tarehe 1 Machi mwaka ule ule, Marekani ililipua bomu la haidrojeni la majaribio katika Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini. Mmoja wao alifariki mwezi wa Septemba. Wiki chache baadaye zimwi likatokea katika majumba ya sinema: mnyama wa kale aliyeamshwa na majaribio ya mabomu, apandaye kutoka baharini na kuuteketeza mji wa Tokyo. Kwa macho, alikuwa mtu aliyevaa vazi zito, akikanyaga nyumba ndogo za kuigiza zilizobuniwa na fundi Eiji Tsuburaya na wenzake. Kwa moyo wa mtazamaji, alikuwa bomu lenyewe. Thamani ya sanaa ile haikuwa katika ukubwa wa mnyama, bali katika ukweli wa hofu.

Picha zilizofuata ziliongezeka kwa idadi zikapungua kwa uzito. Zimwi likageuzwa mlinzi wa Japani na rafiki wa watoto, likapigana mieleka na mazimwi wenzake. Mchezo ulifurahisha, lakini aliyewasahau wavuvi wale hakuona tena sababu ya kuogopa. Kisha, tarehe 3 Novemba 2023, katika kuelekea mwaka wa sabini, ilitolewa picha ya Takashi Yamazaki iitwayo Godzilla Minus One. Hiyo ilirudi kwenye mwisho wa Vita Kuu ya Pili, kwa askari mwenye aibu ya kubaki hai na mji uliokuwa majivu. Mwezi wa Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa mandhari zake. Tuzo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kuwa ukumbusho ulirudi kwenye jeraha, na hicho ndicho kipimo cha ukumbusho wowote.

Mashujaa wenye mavazi nao wana tarehe zao. Ultraman alianza kuonyeshwa katika televisheni mwezi wa Julai 1966. Ni jitu lenye rangi ya fedha na nyekundu, ambalo haliwezi kupigana duniani zaidi ya dakika tatu hivi. Taa iliyo kifuani pake humwonya kuwa nguvu zinakwisha. Kamen Rider, wa mwaka 1971, aliundwa na waovu wale wale awapigao. Mmoja ana upungufu, wa pili ana doa la asili yake. Sherehe iuzayo vazi na kusahau taa huwafunza watoto kuwa ushujaa ni nguo.

Sasa tuelekee pwani yetu. Katika kitabu cha hadithi za Waswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, kilichochapwa London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Nunda hakutoka baharini. Alikuwa paka wa nyumbani. Alikula kuku, watu wakashtaki. Sultani akajibu kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Alikula wanyama wakubwa zaidi, jibu likawa lile lile. Alipofikia kuwala watu, hata wana wa Sultani mwenyewe, alikuwa hazuiliki tena. Mwana mdogo akaenda kumtafuta. Akaua mnyama huyu na yule, hata tembo, na kila mara mama yake akamwambia kuwa siye. Kurudia huko si udhaifu wa msimulizi. Kwatufundisha kuwa ujasiri bila maarifa humwua asiyehusika, na adui wa kweli akabaki.

Kitabu kile kilitimiza miaka 150 mwaka 2020. Nani kati yetu alihesabu? Na hadithi yenyewe ina umri kuliko kitabu. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani. Hilo si aibu. Hadithi isiyo na tarehe huadhimishwa kila usiku isimuliwapo. Msiba wake ni siku isiposimuliwa.

Basi wewe usomaye haya Lunga Lunga, mpakani, ambapo magari huvuka kwenda Horohoro na Tanga, usione haya kuyapenda mazimwi ya Japani. Yapende, lakini uyaulize yalizaliwa na hofu gani. Kisha nenda kwa bibi yako, azungumze Kidigo au Kiswahili, umwombe hadithi ya zimwi, nayo uiulize vivyo hivyo. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la Japani laonya juu ya silaha za wakubwa wa dunia. Nunda wetu aonya juu ya kosa dogo linalolindwa kwa sababu mkosaji ni wetu. Kila mji una paka wake alaye kuku. Atakayemtambua mapema, wakati bado ni paka, hatahitaji shujaa wala vazi.