Usukani wa Ndege

Wafasiri walipompa mwendesha ndege jina la rubani walitenda vema. Neno ni la baharini, wala maana haikuharibika. Lakini usukani twautilia shaka. Katika jahazi ndio ubao wa nyuma. Katika motokaa ni gurudumu la mkononi. Ndege inavyo vyote viwili: ubao wa mkiani huongozwa kwa miguu, na kishikio cha mkononi huilaza ndege ubavu na kuinua pua yake. Basi fundi aambiwaye, "Kagua usukani," akague kipi? Kana ya mabaharia nayo haifai, maana kana hugeuza usukani. Twapendelea ubao uachiwe jina lake la kale. Cha mkononi kiitwe steringi, neno la gereji, lisilopendeza masikioni lakini lisilompoteza fundi.