Harusi ya Marseille na yaliyofuata

Ndugu zangu, hadithi ya Massalia, yaani Marseille ya leo, tunaijua. Kiasi cha mwaka 600 K.K. Wagiriki wa Phocaea walitia nanga pwani ya Waliguri. Gyptis, bintiye mfalme Nannus, akampa maji mgeni Protis, ishara kwamba ndiye mume aliyemchagua. Mji ukapatikana. Mwaka 1999 Marseille ilisherehekea miaka yake 2600.

Sasa, mbona wasimulizi wengi huishia harusini? Justin, aliyefupisha historia ya Pompeius Trogus, anaendelea. Nannus alipofariki, Mliguri mmoja alimpa mwanawe Comanus kisa cha mbwa jike mwenye mimba: kaomba kwa mchungaji mahali pa kuzalia, kisha pa kulelea, watoto walipokua akadai pote ni pake. Comanus akapanga kuwavamia wageni. Mwanamke wa ukoo wake akamtobolea siri mpenzi wake Mgiriki. Aliuawa yeye na watu 7,000.

Hiyo 7,000 siimezi kirahisi. Lakini kisa cha mbwa, jamani, ndicho malalamiko ya mwenyeji, na Trogus aliyekihifadhi hakuwa Mgiriki: asili yake Wavocontii wa Gaul.